Kudurusu, Kujifunza na Kuhitimu: Historia ya Matayarisho ya Mitihani ya Mwisho Mjini Kisangani

1. Utangulizi

Kiswahili kina maneno manne ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu huyatumia kila siku bila kuyachunguza. La kwanza ni mtihani, lililotoka katika Kiarabu, ambalo kwa Waswahili halina maana ya maswali ya darasani tu, bali pia ya taabu inayompata mtu ili ustahimilivu wake upimwe. La pili ni kudurusu, lenye asili moja na neno darasa, nalo ni kurudia somo baada ya kulipokea. La tatu ni kuhitimu, ambalo asili yake ni kukamilisha kisomo, na ambalo ni ndugu wa hitima isomwayo kwa ajili ya marehemu. La nne, kujifunza, ni la Kibantu. Kutokana na mzizi wa kufunda tunapata kufunza, na kutokana na kufunza tunapata kujifunza, yaani mtu kujifanya mwalimu wa nafsi yake.

Makala haya yanakusudia kufuatilia jinsi wanafunzi wa Kisangani walivyojitayarisha kwa mitihani ya mwisho tangu zama za chuo cha Kurani mpaka mfumo mpya wa masomo ulioanza kuenea nchini mwaka 2021. Hoja yetu ni kwamba namna ya kusoma imefuata daima namna ya kutahini, na kwamba pale mtihani ulipodai kurasa zirudishwe kama zilivyotolewa, kuhitimu kulitengana na kujifunza. Hoja hii si ya kihistoria tu. Daktari atakayemtibu mgonjwa Mangobo na mwalimu atakayefundisha Lubunga hutoka katika mitihani hiyo.

2. Ubao na mwalimu

Kiswahili kilifika kwenye maporomoko ya mto Kongo pamoja na misafara ya biashara iliyotoka Zanzibar na kupitia Unyanyembe, Ujiji na Kasongo. Stanley alipita hapo mwaka 1877, na kituo kilichoitwa Stanley Falls kikaanzishwa mwaka 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali, kwa mapatano yaliyofanyika Zanzibar, kuwa liwali wa eneo hilo kwa niaba ya mfalme Leopold II. Utawala wa Waarabu na Waungwana ulivunjwa katika vita vya mwaka 1892 hadi 1894. Hata hivyo, vijiji vya Waislamu havikutoweka, na lugha waliyoileta ikaendelea kuwa lugha ya mji.

Pamoja na lugha hiyo ulikuja utaratibu wa chuo. Neno chuo lenyewe lilikuwa na maana ya kitabu kabla ya kuwa jina la mahali pa kusomea, na ndiyo sababu mtu aliyezama katika elimu ya dini huitwa mwanachuoni. Katika chuo cha Kurani mtoto aliandikiwa aya ubaoni, akazisoma kwa sauti mpaka zikakaa moyoni, kisha akamsomea mwalimu bila kutazama. Akiweza, ubao ulioshwa na aya nyingine zikaandikwa. Akishindwa, alirudia. Hapakuwa na siku moja ya mwaka iliyoamua hatima ya mwanafunzi, kwa kuwa kila somo jipya lilitanguliwa na kupimwa kwa somo la jana.

Utaratibu huo ulikuwa na upungufu wake. Mtoto aliweza kuhifadhi juzuu nzima za Kiarabu pasipo kufahamu maana yake. Lakini huko pwani, waliopita hatua ya kuhifadhi waliingia katika darsa, ambamo kitabu kilikuwa cha Kiarabu na ufafanuzi ulikuwa wa Kiswahili. Mambo mawili ya zama hizo yanastahili kukumbukwa hapa, maana yatarudi mbele: kusoma pasipo kutazama kitabu mbele ya mtu mwingine, na kueleza kwa lugha ya nyumbani maandishi yaliyo katika lugha ya kigeni.

3. Chuo kikuu na mfumo wa Kibelgiji

Elimu ya ukoloni ilikawia sana kufika ngazi ya juu. Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na chuo kikuu cha serikali kikafuata Élisabethville mwaka 1956. Stanleyville ilisubiri mpaka mwaka 1963, makanisa ya Kiprotestanti yalipoanzisha Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Hakikukaa kwa amani hata mwaka mmoja kamili. Tarehe 5 Agosti 1964 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa Simba, na chuo kikalazimika kuhamishia masomo Léopoldville kabla ya kurejea baadaye katika mji ambao tangu mwaka 1966 umeitwa Kisangani.

Mfumo wa mitihani uliotumika katika vyuo hivyo ulitoka Ubelgiji. Masomo yalifundishwa mwaka mzima na kutahiniwa mwishoni, katika kipindi cha kwanza kabla ya likizo kubwa na kipindi cha pili baada yake. Alama zilihesabiwa juu ya 20, na 10 ndiyo iliyokuwa mpaka wa kufaulu. Mitihani mingi ilikuwa ya mdomo. Mwanafunzi aliketi mbele ya profesa, akaulizwa, akajibu. Kisha watahini walikutana barazani kujadili matokeo, na mwaka mzima ukahukumiwa kwa pamoja: mtu alipanda, alirudia, au alitumwa kipindi cha pili.

Mfumo huo ulizaa namna yake ya kusoma. Kwa kuwa hukumu ilikuwa mwishoni, wengi walisoma mwishoni. Majuma ya mwisho yakawa ya kukesha, madirisha ya mabweni yakiwaka mpaka alfajiri. Lakini kwa kuwa mtihani ulikuwa wa mdomo, wanafunzi walilazimika pia kujizoeza kusema. Walikutana wawili wawili au watatu watatu, mmoja akashika daftari na kuuliza kama profesa, mwingine akajibu bila kutazama. Aliyelelewa katika chuo cha Kurani angeutambua mara moja utaratibu huo.

4. Mtihani wa Taifa na mgawanyo wa mwaka 1971

Mwaka 1967 serikali ilianzisha Mtihani wa Taifa kwa wanaomaliza shule za sekondari. Nia yake ilikuwa njema: nchi kubwa yenye shule za serikali na za makanisa ilihitaji kipimo kimoja. Maswali mengi yalikuwa ya kuchagua jibu sahihi kati ya majibu kadhaa, ili maelfu ya karatasi zisahihishwe kwa haraka na bila upendeleo. Mpaka leo siku ya matokeo ni sikukuu. Aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, na majirani hujua kwa kumtazama tu kwamba nyumba hiyo imepata diploma ya taifa.

Hata hivyo, mtihani wa kuchagua haumzoezi mtu kutunga wala kueleza. Mwanafunzi aliyeingia chuo kikuu kwa njia hiyo alifika akiwa hodari wa kutambua jibu alionapo, lakini mgeni katika kujenga hoja kwenye karatasi tupu. Pengo hilo liliachiwa walimu wa mwaka wa kwanza kuliziba.

Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na fani zikagawanywa upya kati ya miji. Fasihi na sayansi za jamii zilipelekwa Lubumbashi. Kisangani ikapewa saikolojia na sayansi za elimu, pamoja na sayansi za asili. Hivyo mji huu ukawa mahali ambapo nchi ilitarajia kujifunza jinsi watu wanavyojifunza. Vijana walitoka kila mkoa na kukutana katika mabweni ya Kisangani, Kifaransa kikiwa lugha ya darasa, Kiswahili na Lingala zikiwa lugha za bweni na soko. Mwaka 1981 muungano huo ulivunjwa, na Chuo Kikuu cha Kisangani kikapata uhuru wake.

Huko Lubumbashi, mwezi Mei 1974, wanaisimu wa nchi walifanya semina yao ya kwanza ya taifa, na nafasi ya lugha za nchi katika elimu ikajadiliwa kwa uzito. Mitihani ya vyuo vikuu iliendelea kuwa ya Kifaransa. Huko Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1970 ilikwisha onyesha kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kufundishwa, kutahiniwa na kuhitimu kwa Kiswahili, walau katika somo la Kiswahili lenyewe.

5. Enzi ya silabusi

Kadiri idadi ya wanafunzi ilivyoongezeka na vitabu vilivyopungua, kitu kimoja kilichukua mahali pa maktaba: silabusi, yaani maandishi ya somo yaliyopigwa chapa na mwalimu na kuuzwa kwa wanafunzi. Haikuanza kama uovu. Mahali ambapo kitabu kimoja kiligombaniwa na darasa zima, kurasa 80 za maandishi safi zilikuwa rehema. Mwalimu aliyeziandika alikuwa amesoma vitabu ambavyo wanafunzi wake wasingeviona kamwe.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyoibadilisha maana yake. Fedha ya Zaire iliporomoka, mishahara ya walimu ikawa haba au ikakosekana miezi mingi, na uporaji wa Septemba 1991 ukafilisi miji. Katika hali hiyo silabusi ikawa pia njia ya mwalimu kupata riziki. Asiyeinunua alikosa maandishi, na mara nyingi alihofia kukosa pia alama. Zaidi ya hayo, darasa likawa kubwa mno kwa mtihani wa mdomo. Maswali yakaandikwa, na jibu lililokubaliwa likawa lile lililofanana na ukurasa.

Hapa ndipo kudurusu kulipobadilika. Mwanafunzi hakuhitaji tena mwenzake wa kumwuliza, bali alihitaji kurasa na usiku. Alisoma silabusi mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka maneno yakazoeleka machoni, naye akadhani kwamba kuzoea ni kujua. Juma moja baada ya mtihani yote yalikuwa yametoweka. Aliyepata 14 juu ya 20 katika hesabu za takwimu aliweza kushindwa kusoma jedwali dogo mwaka uliofuata.

Lawama zote zisitupwe juu ya mwanafunzi. Mtu mwenye masomo 15, silabusi alizozipata majuma mawili kabla ya mtihani, na watahini wanaotaka maneno yao wenyewe, hufanya jambo la busara anapokariri. Anafuata njia iliyochongwa na mtihani.

6. Kusoma chini ya mabomu, kusoma gizani

Matayarisho ya mitihani Kisangani hayawezi kusimuliwa bila vita. Mji ulitekwa na majeshi ya AFDL tarehe 15 Machi 1997, kisha ukawa chini ya waasi wa RCD tangu Agosti 1998. Ukakatwa na Kinshasa, na mto uliokuwa barabara kuu ya nchi ukafungwa. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji Agosti 1999, tena Mei 2000, na mara ya tatu kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa, na shule 69 zilipigwa kwa makombora. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa kwa matendo yake nchini Kongo.

Juni, katika kalenda ya kawaida, ni mwezi wa kudurusu. Vita vya siku sita viliukuta mji ambao kalenda yake ya masomo ilikwisha kuvurugwa na miaka kumi ya kufungwa na kufunguliwa kwa vyuo. Kwa kizazi hicho neno mtihani lilirudia maana yake ya kwanza.

Baada ya vita lilibaki giza. Umeme wa mji hutoka hasa katika bwawa la mto Tshopo, lililojengwa zama za ukoloni katika miaka ya 1950, ambalo mashine zake zimechakaa na kuharibika mara kwa mara. Mitaa mizima imeishi miezi bila taa. Kwa mwanafunzi, jambo hilo lina hesabu yake. Saa za mchana huliwa na masomo, na safari, na kazi za kutafuta chakula na karo. Anayekaa Lubunga huongeza muda wa kuvuka mto. Usiku ndio uliobaki, na usiku unahitaji mshumaa, mafuta ya taa au tochi ya simu. Kukesha, ambako katika mabweni ya zamani kulikuwa desturi ya wavivu waliochelewa, kumekuwa ghali kiasi kwamba wengi hawakuwezi.

Dhiki hiyo ndiyo iliyokirudisha kikundi cha kusomea. Taa moja hutosha watu watano, silabusi moja iliyochangiwa hutosha watu watano. Na watu watano wasioweza kusoma kurasa ile ile kwa wakati mmoja hulazimika kufanya jambo lingine: mmoja husoma na kuuliza, wengine hujibu. Hapo Kifaransa cha silabusi hufafanuliwa kwa Kiswahili au Lingala, mifano hutolewa sokoni na mtoni, ubishi huzuka, kisha jibu hurudishwa katika Kifaransa kwa ajili ya karatasi. Darsa ya kale imezaliwa upya, bila mtu kuipangia.

7. Utafiti unasemaje

Desturi hiyo haikungoja wataalamu kuithibitisha, lakini uthibitisho upo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichohifadhiwa hupotea mapema sana, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika Marekani, waliwalinganisha wanafunzi waliosoma matini na kuirudia, na wengine walioisoma mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja walikumbuka asilimia 42, na wale waliojipima asilimia 56.

Matokeo hayo yanaeleza kwa nini mkeshaji hujidanganya. Kurudia kusoma humpa mtu ushindi wa dakika 5, naye huupima ujuzi wake kwa dakika hizo. Kujipima humwonyesha mapema asichokijua, jambo chungu ambalo wengi hulikwepa mpaka mtahini awafanyie. Mtoto wa chuo aliyefunika ubao wake na kusoma moyoni alikuwa akijipima kila asubuhi.

8. Mfumo mpya na wajibu wa watahini

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikuu vya Kongo vilianza kuingia kwa jumla katika mfumo wa lisansi, mastazi na daktari. Ngazi ya kale ya miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi inaachwa. Mwaka umegawanywa katika mihula, na masomo yanahesabiwa kwa mikopo ambayo mwanafunzi huilimbikiza. Kwa namna fulani mfumo huu unakaribia ubao kuliko ulivyokaribia baraza la hukumu ya mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na aliyevuka somo moja hapaswi kulipoteza kwa sababu ya lingine.

Lakini kalenda peke yake haibadilishi akili. Ikiwa swali la muhula litaendelea kudai ukurasa wa 37 kama ulivyo, mwanafunzi atakariri mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja. Mambo matatu yamo katika uwezo wa profesa na asistenti bila kungoja bajeti. La kwanza ni kutoa maandishi ya somo mwanzoni mwa muhula, ili kudurusu kutawanyike. La pili ni kuuliza kila juma maswali machache yasiyo na alama kubwa, yajibiwe bila kutazama. La tatu ni kutunga maswali ya mwisho ambayo jibu lake halimo katika ukurasa wowote, bali hutokana na kurasa kadhaa zilizoeleweka.

Kuhusu lugha, Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za nchi nafasi katika ufundishaji. Chuo kikuu hakilazimiki kutupa Kifaransa ili kutambua kinachofanyika tayari chini ya taa za Mangobo na Kabondo. Mtahini wa mdomo anaweza kumruhusu mwanafunzi aeleze dhana kwa Kiswahili kwanza, kisha aiseme kwa Kifaransa. Anayeweza kufanya yote mawili ameelewa, na anayeweza la pili tu huenda amekariri.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba wanafunzi wa Kisangani hawakukosa bidii katika zama yoyote. Walisoma katika ukoloni uliowachelewesha, katika uasi uliowahamisha, katika ufukara uliowauzia elimu kwa kurasa, na katika vita vilivyopiga shule zao. Njia bora ya kujitayarisha, yaani kurudia kidogo kidogo, kufunika kitabu na kumweleza mwenzio kwa lugha anayoielewa, imekuwamo mjini kwa zaidi ya karne moja. Iliyoiharibu mara kwa mara ni mitihani iliyowalipa zaidi waliofanya kinyume chake. Marekebisho, basi, yaanze kwa wale wanaotunga maswali.